Inchi Sita Zisizo na Kazi

Ubavuni mwa boksi la risasi za .223 Remington zenye kichwa cha greni 55 (kama gramu 3.6) huandikwa kasi: futi 3,240 kwa sekunde. Niliichukulia namba hiyo kama kijana anavyouchukulia mshahara kwenye barua ya ajira, kabla hajaona makato. Kasi hiyo hupimwa kwa mtutu wa majaribio wa inchi 24. Bunduki uliyoishika wewe inaweza kuwa na inchi 16, 18, 20, 22 au 26, na kila urefu una makato yake au nyongeza yake. Nusu ya maneno ya wauza bunduki za kupigia wanyama waharibifu huku Marekani yanajengwa juu ya hofu ya makato hayo.

Nami niliuziwa hofu hiyo. Mwaka wangu wa pili South Dakota, muuzaji mmoja alinishawishi nichukue .223 yenye mtutu mnene wa inchi 26, kwa hoja kwamba chini ya hapo nitakuwa namwaga baruti nje bure. Nikalipa. Kwenye pikapu ikawa kama kubeba ngazi: ukifungua mlango huu, mdomo wake unagonga ule. Miaka mitatu nikaitetea kwa marafiki, kwa sababu mtu aliyelipa huwa mgumu kukiri. Leo naandika kukiri.

Nianze na wanyama wenyewe, maana msomaji wa Kilosa akisikia "wanyama waharibifu" atawaza nguruwe mwitu na ngedere kwenye mahindi, na silaha anayoijua ni debe, mbwa na usiku wa kutolala. Huku kwenye nyanda za Dakota, Wyoming na Montana anayelengwa zaidi ni kindi wa ardhini ambaye Wamarekani humwita mbwa wa mbugani kwa sababu anabweka. Ana uzito wa kilo moja hivi, akisimama wima juu ya shimo lake ana urefu wa rula ya shule hivi, na kifua chake kina upana wa inchi tatu au nne. Anaishi kwa makundi makubwa, anakula majani ambayo mfugaji anayataka kwa ng'ombe wake. Mpigaji hukaa mezani au hulala kifudifudi na kumpiga kutoka yadi 100 hadi 400, saa nzima bila kuhama. Mwingine ni koyote, mwenye ukubwa wa mbwa wa wastani, ambaye hufuatwa kwa miguu, huitwa kwa mlio wa sungura anayekufa, na mara nyingi hutokea ghafla upande usioutarajia. Wanyama hawa wawili wanataka bunduki mbili tofauti, na hapo ndipo mjadala wa urefu wa mtutu ungepaswa kuanzia. Kwa kawaida unaanzia kwenye kasi.

Basi tuiangalie kasi, kwa kuwa ndiyo kila mtu anayoipigia kelele. Baruti ikiwaka ndani ya ganda la .223, mgandamizo unaruhusiwa kupanda hadi paundi 55,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari lako lina 32 hivi. Kilele hicho hutokea mapema mno, kichwa cha risasi kikiwa hakijasogea mbali na chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu kinachoshika ganda. Kuanzia hapo gesi inatanuka, inapoa, mgandamizo unashuka kwa kasi, na kila inchi inayofuata inasukuma kwa nguvu ndogo kuliko iliyotangulia. Kichwa bado kinaongeza mwendo, lakini kwa ubahili. Kwa .223 inchi moja kati ya 20 na 26 huleta futi 20 hadi 30 tu kwa sekunde. Ukishuka chini ya 18, makato yanakuwa makali zaidi, kwa sababu unakata mahali ambapo gesi ilikuwa bado ina nguvu.

Kinachoamua lini ubahili unaanza ni uwiano wa baruti na tundu. Tundu la mtutu kwa risasi za .22 Hornet, .223, .22-250 na .220 Swift ni lilelile kwa upana. Kinachotofautiana ni chungu kilicho nyuma yake, yaani ganda la baruti. Hornet huchoma takriban greni 12 za baruti, .223 kama 25, .22-250 hufika 36 au zaidi. Greni 25 ni kama gramu 1.6, haijai kijiko cha chai. Sasa fikiria bomba moja likipokea mvuke wa sufuria tatu za ukubwa tofauti. Sufuria ndogo inalijaza bomba na kuishiwa pumzi mapema, kubwa inahitaji bomba refu ili mvuke wake usitoke mdomoni ukiwa bado una hasira. Kwa hiyo anayesema "mtutu mrefu ni bora" bila kutaja risasi hajasema kitu.

Mfano mzuri ni mdogo kuliko hizo zote, .22 Long Rifle, risasi iliyoanza mwaka 1887 na bado inauzwa kila duka. Baruti yake ni kidogo kiasi kwamba kufikia inchi 16 hadi 19 kazi imeisha. Ukiongeza mtutu zaidi ya hapo, msuguano unaanza kushindana na gesi, na kichwa kinaweza hata kutoka polepole kidogo. Hata hivyo bunduki za zamani za .22 zilikuwa na inchi 24 na zaidi, na wazee walizipenda. Hawakuwa wajinga. Walilenga kwa macho matupu, kwa kilengeo cha nyuma na cha mbele, na kadiri vitu hivyo viwili vinavyokaa mbali ndivyo kosa dogo la jicho linavyoonekana mapema. Urefu ulikuwa wa jicho. Darubini ilipopanda juu ya bunduki, sababu hiyo ilikufa, ila mazoea yalibaki bila mtu wa kuyazika.

Kwenye bunduki zenye nguvu zaidi mazoea yalikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1935 Winchester walitoa .220 Swift, kichwa cha greni 48 kikiruka futi 4,110 kwa sekunde, kasi ambayo wakati ule ilisikika kama uchawi. Bunduki zao za Model 70 za Swift zilikuja na mtutu wa inchi 26. Ilistahili, kwa chungu kile. Lakini tangu hapo inchi 26 ikageuka kuwa sare ya kazi: bunduki ya wanyama waharibifu isiyo na mtutu mrefu mnene ilionekana haijavaa. Sare ileile ikavalishwa .222 iliyotoka mwaka 1950, kisha .223, risasi zenye baruti chache mno kuliko Swift. Ni kama kumshonea mtoto koti la baba yake kwa sababu familia nzima huvaa makoti marefu.

Nirudi kwenye .223 yangu, nikizifanyia hesabu zile inchi sita nilizouziwa. Chukua wastani wa futi 25 kwa inchi. Mtutu wa 26 unanipa kama 3,290, wa 20 unanipa 3,140. Tofauti ni futi 150 kwa sekunde, na ukiitaja dukani inasikika kubwa. Sasa ipeleke mbugani. Bunduki zote mbili ukizirekebisha zigonge kwenye alama kwa yadi 200, kwa yadi 300 ile fupi itashuka zaidi kwa nusu inchi na ushee. Kwa yadi 400 tofauti ni kama inchi mbili. Mbwa wa mbugani ana kifua cha inchi tatu au nne, kwa hiyo kwa yadi 300 hajui wewe una mtutu upi. Kwa 400 atajua, kama hukuzungusha kitasa cha darubini, kile cha kupandisha au kushusha shabaha, lakini hapo hata mwenye inchi 26 lazima akizungushe, kwa sababu yake nayo imeshashuka zaidi ya inchi 16. Kitasa hakilipishwi kwa inchi.

Upepo ndio hakimu wa kweli wa mbuga hizi, na haulali. Upepo wa ubavuni wa maili 10 kwa saa unaisukuma risasi hii inchi 10 au zaidi kwa yadi 300. Tofauti ya mtutu mrefu na mfupi hapo haifiki inchi moja. Ukikosea kuukadiria upepo kwa maili 2 tu, umeshapotea kama inchi mbili. Nimekaa na wapigaji wenye miaka 30 ya uzoefu na sijamwona anayesema kwa uhakika kama upepo ni wa maili 8 au 10. Anayenunua inchi sita za chuma ili kumshinda upepo amenunua mwavuli wenye mpini mrefu zaidi.

Kuna hoja moja ya kasi ambayo siidharau. Vichwa vyepesi vya kupigia wanyama hawa vimetengenezwa kupasuka vikigusa, ili mnyama afe papo hapo na kichwa kisiruke juu ya ardhi ngumu kwenda kwa jirani. Kupasuka kunahitaji mwendo. Lakini kichwa cha greni 55 chenye ncha ya plastiki, kikitoka kwenye inchi 20, bado kiko juu ya futi 2,000 kwa sekunde kikifika yadi 300, na kinafanya kazi yake. Ukishuka hadi inchi 16 na kupiga mbali, hapo nitakusikiliza. Na kama unapiga huko California, ambako tangu Julai 2019 uwindaji wote unatakiwa kufanywa kwa risasi zisizo na madini ya risasi, swali lako kubwa zaidi ni mzunguko wa mifereji ndani ya mtutu, ile inayokizungusha kichwa ili kitulie hewani. Kichwa cha shaba cha uzito uleule ni kirefu kuliko cha kawaida, na mtutu wa mzunguko mmoja kwa inchi 12 unaweza kushindwa kukituliza. Hapo mtutu wa mzunguko mmoja kwa inchi 8 au 9 utakusaidia kuliko urefu wowote. Nashangaa wanunuzi wanaouliza urefu mara tatu wasiulize mzunguko hata mara moja.

Sasa upande wa mtutu mrefu, maana sikuja kuuzika. Wenye .22-250 wana haki. Risasi hiyo ilizaliwa kwa mafundi wa nyumbani waliobana shingo ya ganda la .250 Savage la mwaka 1915 ili lishike kichwa chembamba, wakaitumia kwa miongo kabla Remington hawajaipa uraia kamili mwaka 1965. Kichwa chake cha greni 55 hutoka kwa futi 3,680 kwenye mtutu wa inchi 24. Ukikata mtutu wake kutoka 26 hadi 20 unaweza kupoteza zaidi ya futi 200, na ukawa umejitengenezea bunduki inayosogelea .223 kwa kasi huku ikila baruti karibu mara moja na nusu, ikilipuka mdomoni kama radi, na ikimaliza mtutu wake mapema. Hakuna akili hapo. Ukitaka mtutu mfupi, nunua risasi ndogo. Hivyo hivyo kwa .204 Ruger ya mwaka 2004: ile kasi ya 4,225 iliyoitangaza duniani ilipimwa kwenye inchi 26, na mtu anayeinunua kwa inchi 20 amenunua tangazo.

Hoja nyingine ya wapenda urefu ni uzito. Wanasema mtutu mrefu na mnene hautikisiki, na mpigaji anaweza kuona kwa darubini yake mwenyewe risasi inapogonga, jambo lenye thamani kubwa ukiwa peke yako. Ni kweli kabisa, ila kinachofanya kazi hapo ni uzito, na uzito unaweza kuupata kwa unene. Mtutu wenye kipenyo cha inchi 0.85 una gramu 68 hivi kwa kila inchi, kwa hiyo inchi sita ni gramu 400. Ukizitaka gramu hizo, zirudishe kwa unene na ubaki na inchi 20. Utapata faida ya pili: ugumu. Fimbo ya chuma iliyoshikwa upande mmoja hupinda kulingana na urefu mara urefu mara urefu. Ukining'iniza mzigo mmoja kwenye mdomo wa mitutu miwili ya unene uleule, ule wa inchi 26 utapinda mara 2.2 zaidi ya ule wa 20. Hii haina maana kwamba mtutu mrefu hauwezi kugonga. Inagonga, tena sana. Ina maana kwamba anayedai urefu unaleta ulengaji amegeuza fizikia juu chini.

Na mzigo wa mdomoni siku hizi upo kweli, ndio uliobadili mjadala huu kuliko makala yoyote. Kipunguza sauti. Filamu zimetudanganya kwamba kinageuza bunduki kuwa kikohozi; ukweli ni kwamba kinautoa mlio kwenye eneo la kuua masikio na kuuleta kwenye eneo la kuumiza tu. Mlio wa .223 unapita desibeli 140, kiwango ambacho pigo moja linaweza kuharibu usikivu, na mpigaji wa mbuga hupiga mamia kwa siku. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 iliviwekea vifaa hivi kodi ya dola 200, fedha ambayo wakati ule ilikuwa bei ya bunduki kadhaa, na kodi hiyo ilikaa palepale hadi iliposhuka kuwa sifuri tarehe 1 Januari 2026. Maombi na usajili vimebaki, na majimbo 42 yanaviruhusu kwa raia. Sasa piga hesabu: kipunguza sauti cha inchi saba juu ya mtutu wa 26 kinakupa inchi 33 za chuma mbele ya chemba. Huo si mtutu tena, ni upondo. Juu ya mtutu wa 18 kinakupa 25, urefu uleule wa zamani, na masikio yako yamebaki. Mtutu mfupi bila kipunguza sauti, kwa upande mwingine, unauleta mlipuko karibu na uso wako, na kwa mtu huyo nisingeshauri chini ya 20. Sheria hiyohiyo ndiyo inayoweka mpaka wa chini: bunduki yenye mtutu chini ya inchi 16 inaingia kwenye kundi la kusajiliwa, kwa hiyo usimwachie fundi akate kwa kukadiria.

Kwa anayefuata koyote kwa miguu sina maneno mengi. Inchi 18 hadi 20, mtutu mwembamba wa kadiri, risasi ya .223. Atapiga mara mbili kwa siku akibahatika, mtutu hautapata joto, na atakapogeuka ghafla kwenye vichaka atashukuru. Hornet nayo, bunduki tamu ya mtu mpole mwenye majirani wa karibu, haihitaji zaidi ya 20.

Aliyenifungua macho ni mfugaji mmoja mzee anayeniruhusu kupiga kwenye ardhi yake magharibi ya jimbo. Yeye ana .223 ya inchi 20 iliyochakaa kitako, aliyoinunua kwa sababu ilikuwa ndiyo pekee dukani siku hiyo. Asubuhi moja ya Juni tulikaa meza moja, yeye na yake, mimi na ngazi yangu, tukipokezana. Alinishinda. Nikasema ni kwa sababu anaujua upepo wa kwake. Akanipa bunduki yake nipige, nikapiga sawa na nilivyokuwa nikipiga na yangu. Hakusema kitu, akamimina kahawa.

Wiki iliyofuata niliipeleka ya kwangu kwa fundi. Kukata mtutu ni kazi ya dakika, kumalizia mdomo ndiyo kazi. Ukingo ule wa mwisho unaoachia kichwa cha risasi lazima ukerezwe kwa mashine uwe sawasawa na tundu pande zote, kwa sababu gesi ikitoka upande mmoja kabla ya mwingine inakisukuma kichwa pembeni wakati hakuna tena kitu cha kukishika. Msumeno na tupa la nyumbani vimeharibu mitutu mingi mizuri. Nikamwomba pia akate hesi za kufungia kipunguza sauti. Bunduki iliporudi ilibidi kuirekebisha upya shabaha, jambo la kawaida, na kitasa cha darubini sasa kina mibofyo michache zaidi kwa yadi 400. Mlango wa pikapu unafungika.

Mfugaji aliiona akatabasamu, kisha akatoa bunduki ya pili ambayo sikujua anayo, .22-250 ya marehemu kaka yake, inchi 26, mtutu mnene, haijawahi kupelekwa popote zaidi ya meza ile ya mbao nyuma ya zizi. Akaniuliza kama nayo ikatwe. Nikamwambia hapana, hiyo iache kama ilivyo.